Figa Lisilotiwa Chokaa

Jiko la Mwanamkisi lilijengwa mwaka wa sitini na tano. La, ngojani kwanza. Sitini na tano yule punda wangu wa kijivu, Karani, nilikuwa sijampata bado, na mawe ya kwanza ya jiko lile yeye ndiye aliyeyabeba, tena akayamwaga ndiani kabla hatujafika, akasimama kuyatazama kama kwamba ni mtu mwingine aliyeyamwaga. Basi ni sitini na sita. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Desemba, jua la kaskazi lilikuwa linaanza kuuma, na mfungaji koo humkauka tangu adhuhuri. Sitini na sita, naam. Nikishaupata mwaka, mengine huja yenyewe.

Kazi yangu siku hizo ilikuwa punda. Amu, mnayoiita Lamu, vichochoro vyake ni vyembamba, na kila kinachojengwa hupita mgongoni mwa punda: mawe kutoka pwani, chokaa, mchanga, boriti. Mwenye punda huingia nyua za watu kuliko daktari. Hupiga hodi, wanawake hujisitiri, huingia, hutua mzigo, hupewa maji ya kunywa, hutoka. Ndivyo nilivyozijua nyua za mtaa wa Langoni karibu zote, na ndivyo nilivyomjua Mwanamkisi binti Famau.

Alikuwa mwanamke mrefu, si mnene, wa maneno machache. Ukitaka kumtambua usimtazame uso, mtazame mkono wa kulia. Tangu kiwiko hadi kidole haukuwa na nywele hata moja. Moto wa mofa umezila zote.

Mofa, kwa asiyeijua, ni mtungi mkubwa wa udongo usio na kitako. Huusimamisha juu ya mafiga matatu, ukawasha moto ndani yake mpaka kuta zikaiva, kisha ukachukua donge la unga wa mtama, ukatia mkono mtungini na kulipiga ubavuni likaganda. Makaa huanguka chini, katikati ya mafiga, na upepo huingia kwa huko chini ukayachochea. Mkate huiva kwa joto la ukuta. Utoe upesi, mkono urudi upesi. Wanawake wengi wa Amu waliujua mkate wa mofa kwa kuula. Mwanamkisi aliujua kwa mkono.

Hakuwa mtu wa Amu. Alikuwa Mtikuu, yaani Mbajuni, wa kijiji kimoja kidogo cha pwani ya bara, huko kaskazini, juu ya Mkokoni. Wakati ule wa vita vya mashifta watu wa vijiji vile walikimbilia visiwani, na yeye alikuja na watoto wake wawili na mama yake, Bi Hadia. Mume alikwisha kufariki kabla ya hapo, kwa maradhi, si kwa vita. Katika mashua kila mtu alichukua alichoweza. Mmoja alikuja na godoro, mmoja na mbuzi, mmoja aling'oa mlango wa nyumba yake akaja nao. Bi Hadia alikuja na mafiga yake matatu, ameyapakata.

"Mama," Mwanamkisi alimwambia mle mashuani, "watu wachukua vitu, wewe wachukua mawe?"

"Vitu hununuliwa," alisema Bi Hadia.

Na kweli mawe yale hayakuwa ya kununua. Yalikuwa meusi, mazito, laini kama mgongo wa kasa. Si mawe ya nti hii yetu, maana huku kwetu jiwe ni tumbawe, jeupe, lina matundu. Yale yalikuwa mawe ya farumi, ambayo vyombo vya zamani vilitiwa tumboni ili visipinduke, na vikishapata shehena yakatupwa pwani. Babu yake Bi Hadia aliyaokota akiwa kijana, na tangu siku hiyo kila chungu cha ukoo ule kilikaa juu yake.

Kikongwe alikuwa na sharti lake moja. Mafiga yale yakae juu ya mchanga mtupu, yasitiwe udongo wala chokaa. "Figa likifungwa," alisema, "limekwisha kupata kwao. Haya kwao si hapa." Basi kila jioni, jiko likishapoa, alikuja na fimbo yake akalitikisa kila figa kwa unyayo, taratibu, aone kama bado lacheza. Likicheza alirudi mkekani kwake, ameridhika. Mimi nilimwona mara nyingi nikadhani ni mambo ya uzee. Siku hizi mimi mwenyewe ni mzee na nina yangu nisiyopenda kuulizwa.

Walikaa kibanda cha uani kwa Bi Twahira, mwenye kiwanja, mwanamke wa Langoni mwenye moyo mpana na ulimi mpana zaidi. Hapo uani, kwenye wazi, Mwanamkisi alioka mikate yake akauza, na kwa mikate hiyo wakaishi.

Mwisho wa kusi wa mwaka huo wa sitini na sita, cheche moja iliruka kutoka kwenye mofa ikaenda kukaa juu ya makuti ya Bi Twahira. Alhamdulillah palikuwa na maji ya kufulia karibu. Moto ulizimwa ukiwa bado mdogo kama ukili. Lakini Langoni yote ni makuti, nyumba zimeegemeana kama watu wenye usingizi, na kila mtu alijua kingetokea nini.

Mimi nilikuwapo, nimeleta kuni. Bi Twahira alisimama katikati ya ua, leso imelowa mpaka magotini.

"Mwanamkisi, mkate wako naupenda, na nyumba yangu naipenda. Nikiambiwa nichague, utalala na njaa."

"Sasa wataka nifanyeje, Bi Twahira?"

"Nataka kuta. Kuta za mawe, zipande juu ya kitwa chako, na juu kusiwe na kuti hata moja. Mwezi wa Ramadhani ukiandama bila ya kuta, hapana moto uani kwangu."

"Kiwanja ni chako. Nikijenga kwa mawe, siku ukinifukuza sitaondoka nalo jiko."

"Nani akufukuza? Mimi nafukuza cheche."

Mwanamkisi hakubisha. Alijua Ramadhani ni nini kwake. Mwezi ule nusu ya Langoni ilifungua kwa mikate yake, na alichokipata kiliwalisha watoto na mama miezi mingi baadaye. Moto ukizimwa, la kufanya lilikuwa ni kwenda kupika majikoni mwa watu, na mtoto mmoja huku, mmoja kule. Alilisema mwenyewe, mara moja tu, huku akikunja leso kiunoni: "Jiko litajengwa."

Na alipolisema tu alianza. Hakungoja fundi. Alichukua majivu ya mofa kwa konzi akachora jiko chini, mbele yetu. Akakaa juu ya kibao katikati ya mchoro, akanyoosha mkono wa kulia: hapa mtungi. Akanyoosha wa kushoto: hapa sinia la madonge. Akageuka nyuma: hapa kuni. Akafuta, akachora tena. Alikuwa ameupika mkate ule misimu yote, kusi na kaskazi, na alijua moshi huenda wapi lini. Mlango wa jiko aliuelekeza kwenye kiwanja kitupu cha mbuzi. "Mbuzi hawana makuti," alisema.

Fundi aliyeitwa ni Hashim, mfupi, mwenye pumu, ambaye hakuweza kupanda ngazi bila ya kupumzika wala kukaa kimya bila ya kuugua. Kuta alizojenga Amu bado zimesimama. Alikuja na kamba yake.

"Bi Mwanamkisi, huu mchoro wako u mdogo. Mimi hupima kwa kamba."

"Kamba yako haipiki mikate, Fundi. Pima mkono huu."

"Mkono ndio kipimo?"

"Kaa hapo kwenye kibao. Chukua donge. Haya, piga ndani ya mtungi."

"Mtungi u wapi?"

"Mbele yako. Piga!"

Fundi Hashim, mzee wa watu, alichutama akachukua donge la hewa akalipiga kwenye mtungi wa hewa.

"Umeungua," Mwanamkisi alimwambia. "Kiwiko chako kimegonga ukuta, mkono ukachelewa kutoka. Ukuta huo usogee."

Bi Twahira alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi akausogeza ukuta.

Bi Hadia alikuwa mkekani kwake, asuka ukili, haangalii. Lakini vidole vilikuwa vimepunguza mwendo.

"Na mofa," aliuliza, "itakaa juu ya nini?"

"Juu ya mafiga, mama."

"Mafiga ya nani?"

Mwanamkisi aliutazama mchoro wake wa majivu. Kuku mmoja alikuwa akiuparua.

"Mama, jiko la kuta halina mchanga. Figa lazima lifungwe. Ni kipande cha chokaa tu."

"Mwanangu, mtu hufungwa kwa kipande cha kamba tu."

Hapo Fundi Hashim, asiyeweza kunyamaza, akaingia kati. "Msigombane kwa mawe matatu meusi, wallahi. Mimi nitachonga mafiga mapya, ya tumbawe la Manda, meupe kama maziwa, mpaka mofa yenyewe ione haya kukaa juu yake."

Tulicheka sote, na jambo likaonekana limekwisha. Bi Hadia alijikongoja akayakokota mafiga yake moja moja, akayatia uvunguni mwa kitanda.

Basi tukajenga. Mimi na Karani tulileta mawe kutoka pwani, yakishushwa mashuani kutoka Manda. Tulileta chokaa iliyolala vizuri, na mchanga usio wa bahari, maana wa bahari una chumvi na ukuta wake hutoka jasho. Mwanamkisi aliteka maji, akakoroga chokaa, akapitisha mawe, na jioni akaoka mikate ya kesho yake kwenye wazi huku mtoto wake mkubwa amesimama na ndoo ya maji kulinda makuti ya Bi Twahira. Paa alilifanya mwenyewe. Alikusanya madebe ya mafuta ya taa, akayapasua, akayanyoosha kwa nyundo siku nzima mpaka majirani wakaja kuuliza kama ni harusi au ni wazimu.

"Ni paa," aliwajibu.

Lilipokwisha lilikuwa dogo na jeupe, limepigwa lipu, lina dirisha la moshi na tundu la majivu, na mofa katikati juu ya mafiga meupe ya Fundi Hashim. Ukuta uliokuwa karibu na mtungi fundi aliupaka udongo mwekundu kwa ndani. Wanawake wa mtaa walikuja kuliona. Bi Twahira alipitisha kiganja ukutani.

"Sasa mkate una nyumba nzuri kuliko yangu," alisema. "Hii ni dunia ya mwisho."

Mwanamkisi aliwasha moto wa kwanza kwa Bismillahi. Bi Hadia hakutoka. Alisema mguu wamuuma.

Siku chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja akaja Mwalimu Rufus. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, Mkristo wa kutoka bara ya mbali, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka pale. Kila asubuhi alinunua mkate wa mofa akaula na chai ya sukari nyingi. Alisimama mlangoni mwa ua, nusu ya mkate mkononi, ameuinamisha uso kwa adabu.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mkate wa leo una mchanga."

"Mchanga, Mwalimu? Unga naupepeta mpaka unaona haya."

"Basi hiki ni nini? Kinaniuma ulimi."

Mwanamkisi akauchukua, akaonja, akatema. Fundi Hashim akaitwa. Alikuja anapumua kwa shida, akaulamba mkate, akakunja uso.

"Chokaa," alisema.

Akainama kwenye tundu la majivu. Alikaa ameinama muda, mpaka tukadhani pumu imemshika. Mafiga yake meupe yalikuwa yamepasuka. Upande uliokabili moto ulikuwa umegeuka unga, na kila upepo ulipoingia kwa chini uliupandisha unga ule ndani ya mtungi, ukaganda kwenye mkate. Mtungi wenyewe ulikuwa umeanza kuinama. Fundi akatoa kipande kwa koleo, akakimwagia maji. Kikachemka, kikavimba, kikatoa moshi bila ya moto.

Fundi Hashim akakaa chini, pale pale kwenye majivu. "Ya Rabi," alisema. "Nimejenga tanuu la chokaa."

Hapo ndipo sote tulipojiona wajinga. Kwa sababu Amu hakuna asiyejua chokaa hutoka wapi. Ni hilo hilo tumbawe. Hupangwa juu ya magogo ya mikoko, likachomwa, likamwagiwa maji, likawa unga, na kwa unga huo mji mzima umesimama. Mimi nimebeba chokaa maisha yangu. Bi Twahira babu yake alikuwa na tanuu. Fundi usiseme. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, jamani, mwatia tumbawe motoni. Tulifikiri jiko, hatukufikiri jiwe. Watu wa kwengine wasingefanya kosa hilo, maana mawe yao hayageuki.

"Basi tukosapo unga wa mtama," Bi Twahira akasema, "tutakula mafiga." Akacheka, na Fundi naye akacheka kwa kukosa la kufanya. Mwanamkisi hakucheka. Alikuwa akitazama mbingu kama mtu ahesabuye mwezi. Shaabani ilikuwa inakatika.

Tulijaribu mengine. Mwalimu Rufus alishauri saruji. Fundi akamwambia saruji nayo moto huipasua, tena kwa kishindo. Mwanamkisi alifinyanga mafiga ya udongo, akayaoka, yakabeba mtungi mchana mmoja yakapondeka. Mimi nilitoka na Karani kutafuta mawe ya farumi, nikaufuata ufuo mpaka miguu ikaota chumvi. Niliona moja tu, jeusi, zuri. Nikaliinamia. Mtu akanipigia kelele kutoka majini: "We! Hiyo ni nanga yangu!" Nikamwomba radhi yeye na mashua yake, nikarudi mikono mitupu. Karani alifurahi.

Siku hiyo niliporudi nilimkuta Fundi Hashim jikoni, anakusanya vifusi vya mafiga yake pakachani. Alinong'ona, lakini mnong'ono wa mwenye pumu husikika mtaa wa pili.

"Bi Mwanamkisi, kikongwe hulala baada ya adhuhuri. Tuyatoe uvunguni, tuyafunge. Akiamka yamekauka, atalia kidogo, atanyamaza."

"Fundi, weka pakacha ondoka."

"Nataniana nawe tu."

"Hata kwa utani. Jiko hili litaniona kila siku mpaka nife. Sitaki liwe na mawe ya wizi."

Mwanamkisi akatoka, chokaa mpaka nyusini, akaenda kukaa mkekani mbele ya mama yake. Mimi nilikuwa nikimnywesha Karani. Nilitaka kuondoka, lakini Karani akianza kunywa haondoki, na ua ni mdogo.

"Mama, nitasema mara moja, kisha sisemi tena. Kurudi, nami nataka. Minazi ile ya kwetu ni yangu kama ilivyo yako. Lakini watoto yeo wataka kula. Siwezi kuwapakulia kurudi."

Bi Hadia aliendelea kusuka.

"Na siku ya kuondoka?" aliuliza.

"Siku ya kuondoka nitaubomoa ukuta."

"Ukuta wa chokaa kila mwaka huzidi kukaza. Utakuwa mzee, hutauweza."

"Nitatafuta mtu mwenye mtaimbo."

"Mimi nitakuwa nimekufa. Nani atamwambia mwenye mtaimbo lipi jiwe na lipi ukuta?"

Mwanamkisi akamshika mkono wenye ukili, kazi ikasimama. "Basi niambie nifanye nini. Umeniambia siku zote nisifanye nini. Yeo niambie nifanye."

Kikongwe akautazama ule mkono uliomshika, usio na nywele, wenye makovu mapya ya kuokea kwenye mafiga yaliyopinda. Kisha akautoa wake akarudi kusuka. Karani akamaliza maji, nami nikamtoa.

Kesho yake asubuhi nilileta kikapu cha udongo mwekundu, kwa kuwa Mwanamkisi aliniagiza, ingawa hakusema wa nini. Nadhani naye hakujua. Alikuwa ameamua tu kwamba kazi haisimami. Nilipoingia nilimkuta Bi Hadia amekaa kwenye kizingiti cha jiko jipya, kwa mara ya kwanza, na mafiga yake matatu yamepangwa miguuni pake. Mchanga wa ua ulikuwa na mifereji mitatu tangu mlango wa kibanda. Aliyaviringisha peke yake.

"Fundi Hashim hajaja?"

"Yuaja, Bi Hadia. Namsikia akihema ndiani."

Fundi akaingia. Mwanamkisi naye akatoka kibandani, akasimama hapo hapo, ungo wa unga mkononi.

"Fundi," alisema Bi Hadia, "wewe u mwenye kelele, sasa sikiliza. Hili na hili, yafunge uwezavyo. Hili la tatu, la mbele hapa kwenye tundu la majivu, usilitie chokaa hata tone."

"Bi Hadia, figa lisilofungwa litacheza. Mtungi utaanguka."

"Nani fundi, mimi au wewe? Lifanye likae bila ya kufungwa."

"Lakini kwa nini usi..."

"Fundi!" Mwanamkisi alisema. "Umeambiwa."

Na hapo ndipo nilipouona ufundi wa Hashim, ambao kelele zake zilikuwa zikiuficha. Alikaa kimya asubuhi nzima. Mafiga mawili aliyafunga kwa udongo mwekundu ndani na chokaa nje. Ukutani akachomoza ukingo wa udongo ili mtungi uegemee huko na huko. Kisha sakafuni akachonga kishimo, akakipima kwa jiwe lile, akakichonga, akakipima, mpaka figa la tatu likaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Lilibeba sehemu yake ya mzigo, lakini mtu angeweza kulichomoa kwa mkono.

Bi Hadia akaja na fimbo. Akalisukuma la kwanza kwa unyayo. Halikutikisika. Akalisukuma la pili. Akauacha unyayo wake hapo juu kidogo, kama mtu akanyagapo kaburi jipya kulishindilia. Kisha la tatu. Likacheza.

"Moja latosha kuanzia," alisema. Akamgeukia bintiye. "Haya, washa. Watu wana njaa."

Mwezi uliandama, na Langoni ikafungua kwa mkate wa mofa usio na mchanga wala chokaa. Alasiri watoto walipanga mstari na sahani mpaka kiwanja cha mbuzi. Mwalimu Rufus, ambaye hakufunga, naye alingoja adhana pamoja na wengine, akisema mkate hauna utamu ukiula mbele ya watu wenye njaa. Bi Twahira alilipa jiko lile jina, akaliita "Manda" kwa ajili ya mafiga ya kwanza, na kila alipomwona Fundi Hashim alimuuliza kama amejenga tanuu jingine. Cheche hazikuruka tena. Mwanamkisi alioka akitoka jasho chini ya madebe yale, akazungumza kidogo kama kawaida yake, na usiku wa Idi aliwavisha watoto nguo mpya. Hakukosa siku hata moja.

Aliendelea hivyo miaka. Watoto walikua. Binti akaolewa papo hapo Langoni, mwana akaenda Mombasa. Bi Hadia aliendelea kuja kila jioni kulitikisa figa la mbele kwa unyayo, na alipokuwa hawezi kutembea alimtuma mjukuu. Alifariki kabla ya mwaka wa sabini kuingia, au ndani yake, hapo tena siwezi kuapa. Alizikwa Amu, mchangani. Huko bara mambo yalikuwa yametulia, wengine wakarudi, wengine wakaenda kuona, wakakuta miti imeota ndani ya nyumba, wakageuka. Mwanamkisi hakuenda. Kwa nijuavyo mimi, hakuenda.

Mimi nilihama na punda wangu, nikakaa Matondoni, nikabeba mahindi ya watu Kililana, nikarudi, nikaenda tena. Miguu yangu haikupata kufungwa kwa chokaa. Nilirudi Langoni siku moja na kikapu cha mchanga, kwa kuwa lipu ya jiko la Mwanamkisi ilikuwa imebanduka upande wa mvua. Yeye alikuwa amekaa pale pale kwenye kibao, mvi mbili tatu, mkono ukiingia na kutoka. Nilipoinama kutua mzigo niliona kwenye tundu la majivu. Mafiga mawili meusi yako. Mahali pa la tatu pana kipande cha chuma cha nanga ya zamani, kimesimamishwa kwenye kishimo cha Fundi Hashim, kimekaza sawasawa, nacho kimekwisha kuwa cheusi kwa moto wa siku nyingi.

"Bi Mwanamkisi," nilisema, "jiwe la mama li wapi?"

Alipiga donge, akatoa mkono.

"Bwana Shee, Karani hajambo?"

"Karani alikufa, wajua. Wewe ndiwe uliyenipa pole."

"Maskini Karani. Shika mkate, u moto."

Nikala mkate. Nilimuuliza Bi Twahira, akasema kazi yake ni kutazama cheche, mawe hayaruki. Nilimuuliza Fundi Hashim, ambaye hakupata kunyamaza maisha yake yote, naye akanyamaza. Nilipanda mara mbili mashua za watu wa kaskazini, nikawauliza mabaharia kama wamepata kupakia jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa kitwa cha mtoto. Wakacheka, wakaniuliza kama nimekosa cha kutafuta. Mpaka leo naliuliza swali hilo kila nimkutapo Mtikuu, na hakuna aliyenijibu: ni nani aliyelichomoa figa la Bi Hadia, na hivi sasa ni chungu cha nani kilichokaa juu yake?